Faiba ya tundu sawa, ila nani ataiunga huku Bongo?

Kwenye makala yenu mmeielezea vizuri hii faiba mpya (uzi wa kupitisha intaneti kwa mwanga) yenye uwazi katikati, mwanga unapita kwenye hewa badala ya kioo ndo maana unakimbia karibu nusu zaidi ya hii tuliyozoea. Ila mmesifia spidi tu, mi naona kubwa ni upotevu wa mwanga, 2025 watu wa Chuo Kikuu cha Southampton kule Uingereza pamoja na Microsoft wameushusha chini ya 0.1 dB (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kilomita, wakati kioo kimegota kwenye 0.14 pamoja na jitihada zote. Haya, njoo kwenye kuunga sasa. Mi fundi faiba, hii ya kawaida tu ukiwa juu ya ngazi pale Sinza jasho linakutoka, unafuta uzi kwa spiriti, vumbi kidogo mashine ya kuungia inagoma. Hiyo ya tundu ukizidisha moto vijibomba vya ndani vinabonyea, kwisha habari. Na wachimba mitaro wakiikata je? Kwa sasa tuleteeni kwa wingi ile isiyoogopa kukunjwa, G.657, maana wateja wanaipigia misumari kwenye kona utadhani kamba ya kuanikia nguo.