Babu wa Kondoa Hayumo kwenye Ramani

Mwanangu kachora ramani ya dini za dunia kwenye daftari lake, kila nchi na rangi yake. Tanzania kaipaka bluu yote, rangi ya Ukristo. Juzi jioni aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, mbona babu wa Kondoa hayumo?" Babu yake mzaa mama ni Mrangi, na adhana ya alfajiri kijijini kwao huiadhini yeye.

Swali hilo limenikaa. Naona ni kosa kuipaka nchi nzima rangi moja, kwa sababu dini hazikusambaa kwa kufuata mipaka ya nchi. Zilifuata njia, na huku kwetu njia zilifuata maji.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa, penye vijito vya milimani, maana mbele yake ilikuwepo Marenga Mkali, nyika kavu ya kutisha. Wapagazi walijaza vibuyu pale kabla ya kuivuka. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliokuwa wakielekea Buganda miaka ya 1870 nao walisimama hapohapo, wakaweka kituo. Injili ikaenea Ugogo, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika. Kwa akina babu, wafanyabiashara wa pwani walifika Kondoa wakajenga. Waliuza nguo, walinunua pembe, walioa, waliswali. Baadaye reli, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ikaleta wenye maduka kutoka India, na leo jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, Waislamu wa madhehebu ya Shia, ipo mjini Dodoma.

Duniani mambo ni hayohayo. Nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote haiko Uarabuni, ni Indonesia, na huko dini ilipelekwa zaidi na wafanyabiashara waliosafiri kwa pepo za msimu. Buddha alihubiri India, lakini leo Wabuddha hawafiki mmoja katika kila Wahindi 100. Wengi wako China, Thailand na Myanmar, ambako watawa walifika pamoja na misafara na majahazi. Na Wakristo walioko Afrika kusini mwa Sahara sasa wanawazidi wa Ulaya.

Tena sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, nami naunga mkono isiulize. Anayetupaka rangi anakisia tu.

Halafu kuna Kolo, hukohuko Kondoa, penye mapango ya michoro. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini wenyeji hawajaigeuza makumbusho: wapo wanaokwenda pangoni kufanya matambiko, na mvua ni mojawapo ya maombi yao. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili. Apakwe rangi gani?

Tulifuta bluu kwa kifutio hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Tukachora upya, kuanzia Bagamoyo, mstari wa msafara, kisha wa reli, na nukta kandokando. Kondoa akaweka nukta ya kijani. Kisha akamkumbuka jirani wa babu, mama anayeuza mlenda mkavu na kuimba kwaya, akaweka nyingine ya bluu, imegusana na ile ya babu.