Mangi alifungua daftari

Mwaka 2016 usharika wetu, hapa Dar es Salaam, uliandaa mkutano wa injili wa siku tano. Kamati ya uinjilisti ikachapisha kadi za mwaliko, kila msharika akagawiwa ishirini, na agizo likawa moja tu: wapeni watu mnaofahamiana nao. Mimi napenda kazi iishe mapema, kwa hiyo jioni ileile nikaanza na mtu wa karibu kuliko wote, Mangi wa duka la kona.

Nilimkuta anapima mchele. Nikamkabidhi kadi kupitia nondo za dirisha, nikamwambia karibu sana, kuna mhubiri mzuri anakuja. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akaichomeka pembeni ya picha ya kalenda. Halafu akainama chini ya kaunta, akaibuka na daftari, akalamba kidole, akafunua.

"Nitajitahidi kuja, kaka. Ila hili la Machi tunafanyaje?"

Ilikuwa shilingi 38,500. Mchele kilo tano, mafuta ya kula, sabuni ya unga, mkate siku tatu mfululizo, na vocha ambazo nilishazisahau kabisa. Tulikuwa tayari Juni. Nyuma yangu walisimama kijana wa bodaboda na dada mmoja mwenye ndoo, na wote wawili wakapata ghafla kitu cha kuangalia upande wa pili wa barabara. Nililipa keshokutwa yake. Mkutanoni Mangi hakuja.

Nimeukumbuka mwaliko ule kila ninaposikia semina za "uinjilisti wa mahusiano", ambazo siku hizi ni nyingi. Tunafundishwa kwamba mahubiri ya jukwaani yamechosha watu, sasa tuwafikie majirani, wafanyakazi wenzetu, watu wa kikoba, fundi cherehani, mama wa genge. Sina ugomvi na hilo. Ninachobisha ni jinsi linavyosemwa, kama vile njia ya urafiki ndiyo laini, njia ya watu wenye haya wasioweza kushika kipaza sauti. Mimi naiona ndiyo ngumu kuliko zote. Yule kijana anayehubiri kwenye daladala kutoka Mbagala, anayepaza sauti juu ya muziki wa dereva, namheshimu kwa ujasiri wake, lakini akishuka kituoni hakuna abiria anayejua kama amelipa kodi ya chumba, au jana usiku alimjibuje mkewe. Jirani yako anajua. Ukuta wa tofali za nchi sita haufichi kitu.

Bibi yangu alilielewa hili bila semina yoyote. Alikuwa mtu wa Bukoba, na aliokoka kwenye Uamsho, ule ambao watu wa Uganda waliwaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka. Historia yake kwa ufupi ni kwamba mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoka na ukristo wa jina. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu kule Gahini, na alifariki mapema mno, mwaka 1936, moto ukiwa ndiyo kwanza unashika. Kutoka hapo ukaenea Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ukaenda Burundi, Buganda, ukavuka kuja kwetu Tanganyika na hadi Kenya. Tazama ulivyopita: kaka kwa mdogo wake, daktari na wauguzi wake, mwalimu na wanafunzi wake. Ulifuata njia ambazo watu walikuwa wakipita siku zote kwenda kuombana chumvi.

Na alama yake kubwa, ukiacha ule wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ambao hata wasiojua neno moja la Kiganda wanauimba, ilikuwa kurudisha. Watu walirudisha vitu. Walioiba ng'ombe wakampeleka kwa mwenyewe. Waliochukua vifaa vya kazini wakavirudisha kwa bosi. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Anglikana huko Kigezi, alipookoka mapema miaka ya 1940 alipanda baiskeli akaenda safari ndefu kumwomba radhi mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Ukiwa wewe ndiye mzungu yule, umekaa barazani kwako, unamwona kijana anashuka kwenye baiskeli na jasho lake na habari kama hiyo, nadhani kipeperushi hakihitajiki tena.

Bibi yeye hakuwa na ng'ombe wa kurudisha. Kibanja chake kilipakana na cha mama mmoja, na mpakani kulikuwa na mibuni ya yule mama iliyoinamia upande wetu. Kwa misimu kadhaa bibi alikuwa akichuma buni kwenye matawi yale alfajiri na kuichanganya na yake. Alipookoka alipima kikapu kwa kukisia, akakibeba kichwani, akaenda kukiweka mlangoni kwa jirani na kusema yote. Jirani akamjibu, "Nilijua."

Bibi alikuwa akilisimulia neno hilo na kucheka mpaka machozi. Alijua! Miaka yote ile walisalimiana, walizikiana, walipelekeana ndizi za kuivisha pombe, na yule mama alijua. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kumuuliza bibi kilichomsukuma kusema. Hapo ndipo maongezi ya Yesu yalipoanzia.

Nisiwapambe Balokole kupita kiasi. Walikuwa na ukali wao. Wengine walipoungama dhambi zao hadharani walikuwa wakiungama na za wenzao humohumo, na nyumba ziliingia moto. Kwa watu wa familia yetu ambao hawakuokoka, kulikuwa na namna ya kuangaliwa iliyowafanya wasikanyage kwa bibi siku za ushirika. Mjomba mmoja alisema mpaka anakufa kwamba yeye alikimbizwa na watu waliookoka, wala si na shetani. Hilo nalo liko kwenye daftari.

Yule mwanamke Msamaria wa kwenye Yohana 4 simsikii akitajwa kwenye semina zetu, na ninashangaa kwa nini. Amekuwa na waume watano, wa sita aliye naye si mume wake, na anakwenda kisimani mchana wa jua kali. Mji mzima una habari zake. Anarudi mjini anawaambia nini? "Njoni, mtazame mtu aliyeniambia mambo yote niliyoyatenda." Mambo ambayo wao walikuwa wakiyanong'ona, yeye anayatamka mwenyewe kwanza. Nadhani ndiyo maana walimfuata. Angewaambia tu njoni kuna nabii mzuri kisimani, wangemuuliza kama mimi nilivyoulizwa habari za Machi.

Basi mtu atasema: kwa hiyo tungoje mpaka tuwe safi ndipo tufungue mdomo? Hapana, hatutafika. Ila waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, unatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole. Nimekaa sana kwenye neno hilo "atuulizaye". Petro anachukulia kwamba kuna mtu atauliza. Sisi tumejifunza majibu kwa kukariri, hatua ya kwanza mpaka ya nne, na hakuna aliyeuliza. Watu hawamuulizi mambo ya rohoni mtu wanayemhesabia madeni.

Kuna jambo lingine linalonikera, na hili nalisema nikijua baadhi ya wenzangu watanuna. Ni urafiki wenye ndoano. Mwaka ule wa mkutano tulipewa fomu ya kuandika majina ya watu watano "tunaowafuatilia". Kwenye fomu yangu mtu aliyekaa karibu nami alinishauri nimwandike jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kizigua, Mwislamu. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, mama huyu ndiye aliyewalisha watoto wetu wiki mbili nzima, na uji wa pilipili manga akauleta mwenyewe kila asubuhi. Nimwandike kwenye fomu? Nikawaza siku akiikuta. Sikumwandika. Mwenye fomu akaniuliza, "Lakini umeshamshuhudia?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umeshalipia ankara ya maji.

Tulizaliwa nchi ambayo meza moja ya harusi ina mashehe na wachungaji, na mbuzi wa Krismasi tunamwita jirani Mwislamu amchinje ili wote tule. Tuliona pia mihadhara ya viwanjani, ya miaka ya tisini hasa, Biblia na Kurani zikifunguliwa kwa kupigana nazo. Sijawahi kumfahamu mtu aliyebadilika moyo kwa kuaibishwa mbele ya umati. Nawafahamu waliobadilisha njia ya kupita ili wasikutane na fulani.

Yule mama aliuliza mwenyewe, miaka kama miwili baadaye. Ilikuwa Ijumaa Kuu, maandamano ya msalaba yamepita mtaani, amekaa kibarazani anachambua mchele. "Baba Neema, hivi nyie mkisema alikufa kwa ajili yenu, mnamaanisha nini hasa? Kwa nini Mungu asisamehe tu?" Nilijibu vibaya. Nilianza na Adamu, nikapotelea kwa Musa, akanirudisha yeye. Mwisho nikamwambia kitu kimoja kilichonitokea mimi, siku niliyosamehewa na mtu niliyemwibia, na jinsi yule aliyenisamehe alivyobeba hasara ile mwenyewe. Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza wao wanavyoamini, kwa ufasaha kunishinda. Hakusilimu wala kubatizwa mtu siku ile. Ananiambia waziwazi kwamba ananiombea niione haki kabla sijafa, nami namwambia hivyohivyo, na hakuna anayemlaghai mwenzake. Nikiulizwa kama ningefurahi amwamini Yesu, ningefurahi sana, sijifichi. Lakini uji ule haukuwa wa kubadilishana na kitu, na wangu kwake siutaki uwe.

Turudi kwa Mangi, maana wa kwao wana historia ndefu na jambo hili. Neno lenyewe mangi, ambalo hapa mjini tumelifanya jina la kila mwenye duka Mchaga, lilikuwa la watawala wao. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Miaka miwili tu baadaye, 1902, anawasili Kilimanjaro Mjerumani mwingine, mmisionari Mlutheri wa shirika la Leipzig aliyeitwa Bruno Gutmann. Nani angemsikiliza? Alikaa, ukiondoa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka 1938. Alijifunza Kichaga, akakaa chini na wazee, akaandika sheria na desturi zao kurasa kwa kurasa. Alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliviweka, na kanisa halina ruhusa ya kuvikata ili lipate waumini mmojammoja. Walimkosoa wengi, na kwa haki: aliyaremba maisha ya zamani, na mji na mambo yake aliyaogopa kupita kiasi. Lakini ukipanda mlimani Desemba ukaona foleni ya magari kutoka Dar, watu wanaorudi nyumba zilipo migomba na makaburi ya babu zao, na makanisa yanavyofurika wiki ile, unaona imani iliyopandwa kwenye ukoo inavyokuwa ngumu kung'oa. Hata kwa Mangi wetu, ambaye miezi kumi na moja ya mwaka Jumapili yake ni siku ya mauzo makubwa.

Baada ya aibu ile nilijiwekea utaratibu wa kulipa taslimu. Vikombe vya chai pale kibarazani vikaongezeka, pamoja na habari za mpira, na za mwanawe aliyekuwa akisumbua shule. Habari za kanisa sikuzitaja, si kwa mkakati. Nilikuwa naona haya tu.

Mwaka 2019, saa nne usiku, akanigongea. Mama yake amefariki, basi la Moshi linaondoka alfajiri. "Kaka, njoo utuombee kidogo kabla hatujaondoka." Nikamwambia nimwite mchungaji. Akasema mchungaji hamjui yeye. Tukasimama dukani, yeye, mkewe, yule mwanawe na mimi, katikati ya kreti za soda na viroba vya unga. Niliomba vibaya kuliko nilivyojibu Ijumaa Kuu ile. Nilisahau hata jina la marehemu, mkewe akanikumbusha.

Aliporudi kutoka mazishini duka lilifunguliwa Jumapili kama kawaida. Nilikuwa napita na Biblia kwapani, akaniita.

"Leo mnasoma wapi?"

Nikamwambia.

"Nisomee basi. Mimi leo siwezi kutoka, kuna mzigo unakuja."

Nikaiweka Biblia juu ya kaunta, pembeni ya mzani, nikaanza. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu mtoto mmoja akaja na sarafu ya mia mkononi anataka kiberiti. Mangi akampa, akanitazama, akasema, "Endelea."