Ulevi, nia na gari: rufaa inasimama wapi?

Dereva mlevi anapomvunja mtu mguu kwa gari, sheria ya Kenya inampa mwendesha mashtaka zaidi ya kifungu kimoja cha kumshtakia, na uchaguzi anaoufanya siku ya kwanza ndio unaoamua rufaa itakavyokwenda. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataka ithibitishwe kwamba dereva alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu uendeshaji wa pupa au uzembe unaohatarisha maisha, na kifungo chake hakizidi miaka 2. Kifungu cha 234, cha kumsababishia mtu madhara makubwa mwilini kinyume cha sheria, kinafika hadi kifungo cha maisha. Kifungu cha 231 nacho kina adhabu hiyohiyo, ila kinadai jambo la ziada: nia ya kulemaza, kuumbua au kudhuru vibaya.

Tuchukue mfano wa kubuni, usio mgeni kwa mkazi wa Malindi. Mtu anatoka baa usiku kando ya barabara ya Casuarina, anakuta tuktuk imemzibia njia, anatukanana na dereva wake, kisha anaingia garini, anarudi nyuma kwa kasi na kumgonga. Muuza mishikaki aliyekuwa hatua chache anasema mahakamani kwamba mshtakiwa alikuwa akipepesuka na kunuka pombe. Anaongeza kwamba kabla ya kuondoa gari mshtakiwa aliufungua mlango, akachungulia nyuma, akaufunga tena. Fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, inaonyesha mfupa wa paja uliovunjika. Hakimu anamtia hatiani chini ya kifungu cha 231, naye anakata rufaa Mahakama Kuu.

Hoja ya wakili wake ni rahisi kuidharau, lakini haidharauliki. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinaanza kwa kusema ulevi si utetezi, isipokuwa katika hali chache, kama vile mtu kuleweshwa bila ridhaa yake. Hata hivyo, kifungu kidogo cha nne kinaitaka mahakama iuzingatie ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia ambayo bila hiyo hana hatia. Kwa hiyo kila shahidi wa serikali anayeeleza jinsi mtu yule alivyokuwa chakari anamsaidia wakili wa utetezi bila kukusudia, na upande wa mashtaka unakaangwa kwa mafuta yake wenyewe.

Upande wa pili una jibu zito. Nchini Uingereza, katika kesi ya Majewski ya mwaka 1976, House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, ilisema kulewa kwa hiari hakumwokoi mtu katika makosa yasiyodai nia mahususi, yaani nia ya kuleta matokeo fulani, kwa kuwa kulewa kwenyewe ni kutojali hatari. Mwendesha mashtaka wa Malindi angependa kuegemea hapo ili kulinda angalau hatia ya kifungu cha 234, ambacho hakitaji nia. Ugumu ni kwamba kifungu chetu cha 13 kinazungumzia nia yoyote, iwe mahususi au la, maneno mapana kuliko mstari uliochorwa na majaji wale wa Uingereza. Naona wakili anayekinukuu kifungu chetu neno kwa neno yuko mahali imara zaidi kuliko anayenukuu Majewski peke yake, ingawa ushindi wake bado unategemea ushahidi.

Ushahidi ndio kiini cha rufaa ya kwanza. Tangu uamuzi wa kesi ya Okeno wa mwaka 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia ushahidi upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Katika mfano wetu, jaji hapaswi kuuliza tu mshtakiwa alikunywa chupa ngapi. Aliyechungulia nyuma kabla ya kuondoa gari alijua kuna mtu pale, na anayejua hilo akarudi nyuma kwa kasi, hata akiwa amelewa, hajapoteza uwezo wa kukusudia. Iwapo muuza mishikaki aliongopa, au alikuwa mbali na taa haikuwaka, basi kilichobaki ni mlevi aliyeshindwa kulimudu gari, na hatia ya kifungu cha 231 haiwezi kusimama. Kuchungulia kule, pamoja na alama za matairi kama polisi walijishughulisha kuzipima, kuna uzito kuliko harufu yote ya pombe.

Hata kipimo cha alkoblo, cha pombe kwenye pumzi, hakimalizi mjadala. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba dereva hawezi kushtakiwa kwa kuzidisha kipimo peke yake chini ya kanuni za mwaka 2011, kwa kuwa sheria mama inadai ithibitishwe kwamba alishindwa kulimudu gari.

Je, majeruhi aende nyumbani akiwa amepoteza kila kitu? Kifungu cha 179 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinaruhusu kutia hatiani kwa kosa dogo lililomo ndani ya lile kubwa, kwa hiyo kushuka kutoka 231 hadi 234 hakuna kikwazo kikubwa. Kuvuka hadi kosa la trafiki ni vigumu zaidi, maana lazima makosa yawe ya aina moja. Ndiyo sababu shtaka mbadala linapaswa kuandikwa kwenye hati tangu mwanzo, badala ya kulitafuta kwenye rufaa.

Chanzo cha mvutano huu kimo katika sheria yenyewe. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinatoa hadi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha, lakini hakimgusi anayemwacha mtu kilema. Uingereza iliunda kosa la kusababisha jeraha kubwa kwa uendeshaji hatari mwaka 2012. Hapa kwetu, mwendesha mashtaka anayeona miaka 2 ya kifungu cha 243 ni midogo mno kwa paja lililovunjika hushawishika kupanda hadi kifungu cha 231 chenye kifungo cha maisha, akibeba mzigo wa kuthibitisha nia ambao huenda jalada la polisi haliwezi kuuhimili.