Umri Haupigi Kura

Kila uchaguzi ukikaribia Uganda, hesabu ni ileile: nchi ni ya vijana, Rais ni mzee, basi siku vijana wakiamua mambo yamekwisha. Nimeisikia kwenye steji za bodaboda hapa Busia, nimeisikia redioni, na wageni wanaokuja na kamera huja nayo tayari. Januari 2026 ikafika, mgombea wa miaka 81, Rais Museveni, akatangazwa mshindi kwa asilimia 71.65 na wa miaka 43, mpinzani Kyagulanyi (Bobi Wine), akapewa 24.72. Upinzani uliyakataa matokeo, intaneti ilikuwa imezimwa, na kila mtu ana lake la kusema juu ya namba hizo. Ziweke kando ukitaka. Hesabu ya umri bado haikai sawa.

Kwanza, kura ya kijana nani ameiona? Karatasi haina mahali pa kuandika umri, na Tume ya Uchaguzi hutangaza matokeo kwa vituo na wilaya, si kwa rika. Tunaona nyuso za mikutanoni, tunadhani ndizo zilizomo kwenye sanduku.

Kwa macho yangu nimeona uchaguzi mmoja tu ambao ungeweza kusema rika gani lilimfuata nani. Ni ule wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa Julai 2018, wa kwanza tangu 2001, ambapo watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao mchana kweupe. Kijijini kwetu walisimama wagombea wawili, mmoja mzee na mmoja kijana. Nilitegemea kuona mvi upande huu na vipara vya mtindo upande ule. Wapi! Vijana waliopanga vyumba kwa yule mzee walijipanga nyuma yake, earphone masikioni, macho chini. Bibi mmoja alikuwa akigeuka kila baada ya dakika kuhakikisha wajukuu wote wapo nyuma yake. Mkwe wa watu akajibanza kwenye mfenesi mpaka hesabu ilipokwisha, maana mstari mmoja alisimama baba mkwe na mwingine mwajiri wake. Watu walijipanga kwa familia, kwa kodi ya nyumba, kwa msikiti na kanisa.

Utasema hiyo ni LC1, kura ya urais ni ya siri. Haya, twende huko. Desemba 2017 Bunge lilipofuta ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais, lilifuta pia sharti la kutimiza miaka 35. Kelele zote zilikuwa kwa ile 75, hii nyingine ikapita kimya kimya. Ndiyo iliyompa njia John Katumba, aliyegombea 2021 akiwa na miaka 24. Kama kijana angekuwa anachagua umri wake, Katumba angeitikisa nchi. Hakufikisha hata asilimia moja.

Ninachoamini mimi ni kwamba mtu hupiga kura akiwa na ile Uganda aliyoiona alipokuwa anapata akili. Hapo umri unaingia, lakini kwa mlango wa nyuma.

Muulize mzee yeyote aliyekuwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 80 kuhusu panda gari. Askari wanauzunguka mtaa, wanaume wanapandishwa kwenye malori, wengine hawarudi. Kabla ya hapo alipita Amin, ikapita vita ya 1979. Mtu huyo akikwambia "angalau tunalala", usimcheke. Halisemi kwa sababu amehongwa sabuni. Hata Kiswahili hiki ninachokiandika, kilichokuwa lugha ya askari, wako wazee Uganda wanaokisikia na kukumbuka kizuizi cha barabarani na amri ya kulala chini, wakati mabinti zao wanakiimba kwa raha kwenye Bongo Fleva.

Lakini kumbukumbu haina chama. Wazee wa Acholi, kule kaskazini, wana umri uleule wa wazee wa Mbarara, magharibi, na vita walivyovikumbuka wao, vile vya Kony, vilipiganwa chini ya serikali hiihii ya Museveni. Mwaka 2006 Gulu, mji mkuu wa Acholi, ilimpa Besigye, mpinzani wa Museveni, ushindi mkubwa. Bunduki zikatulia, na kwenye uchaguzi wa 2011 kaskazini kwa jumla ikamgeukia Museveni. Wazee hawakuwa wameongezeka umri kiasi cha kubadili tabia. Kilichobadilika ni usiku wao. Na Luwero je? Pale ndipo vita vya msituni vilivyomwingiza Museveni madarakani 1986 vilipopiganwa, pale ndipo mafuvu yalipookotwa. Mwaka 2021 Luwero ilimpa Kyagulanyi kura nyingi kuliko Museveni. Wanaokumbuka zaidi ndio waliochoka kukumbushwa.

Besigye mwenyewe alikuwa daktari wa Museveni huko msituni. Vijana waliomkimbilia 2001, alipogombea dhidi ya Museveni, leo wana watoto wanaopiga kura. Ninaowajua mimi wameota mvi na bado ni wapinzani. Ile habari kwamba mtu akizeeka anahamia kwa wenye nchi, mimi siioni.

Na vijana nao wanajaza kumbukumbu zao. Aliyezaliwa 2000 hakuwahi kuona lori la panda gari. Ameona "droni", zile HiAce zenye vioo vyeusi zilizokuwa zikiwateka watu wa NUP, chama cha Kyagulanyi, kwenye uchaguzi wa 2021, mara nyingi bila namba. Ameona Novemba 2020, watu zaidi ya 50 wakiuawa ndani ya siku mbili baada ya Kyagulanyi kukamatwa Luuka. Kabla ya hapo alitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili afungue WhatsApp. Rais akimwita mjukuu, bazzukulu, na kumweleza jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya 1986, kijana anasikiliza kwa heshima kama tunavyofundishwa, kisha anajiuliza kosa la hao wa zamani linamhusu vipi yeye leo. Baba na mwana wote wanaogopa gari. Ni magari mawili tofauti.

Pesa ninaigusa tu, ingawa wengi huanzia hapo. Mzee analipwa shilingi 25,000 kwa mwezi za SAGE, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, lakini mpaka afikishe miaka 80, katika nchi ambayo wastani wa kuishi haujafika 70. Kijana anaambiwa asubiri milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa kukuza uchumi, kupitia SACCO ya parokia, yaani eneo dogo la utawala, si la kanisa. Sijaona yeyote kati yao aliyegeuzwa moyo na hayo.

Kinachowapunguza vijana kweli ni daftari. Orodha ya wapiga kura ya 2021 ilisasishwa mwishoni mwa 2019. Aliyetimiza miaka 18 mwaka 2020 alikuwa mtu mzima kabisa siku ya kura, akabaki nyumbani. Mwingine amejiandikisha kijijini kwao Tororo, anafanya kazi Kikuubo, sokoni Kampala, na siku ya kura nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki. Mama yake anakaa hatua chache kutoka kituoni na atapiga kura kabla ya chai. Mwaka 2026 waliojitokeza walikuwa asilimia 52.5. Sitashangaa kama wengi wa waliokosekana ni hao wa Kikuubo.

Kwa hiyo mwanasiasa anayetamba kwamba ana vijana, mimi ningemwuliza wameandikishwa wapi. Na Tume, badala ya matangazo ya kuwahimiza vijana wajitokeze, iache daftari wazi mpaka miezi michache kabla ya kura, na mtu aweze kuhamisha kituo chake kwa simu bila kupanda taksi kurudi alikozaliwa. Wadogo kabisa kati ya watakaopiga kura kwa mara ya kwanza 2031 walikuwa darasa la saba hivi mwaka 2026. Kazi ya kuwaandikisha ianze kabla wanasiasa hawajaanza kuwahesabu.