Nahodha Anayezima Injini

Tangazo la safari ya kutazama nyangumi likiahidi kwamba abiria watafikishwa karibu kabisa na wanyama hao, mimi hutafuta boti nyingine. Nimewahi kuwa kwenye sitaha wakati nahodha, baada ya kusikia redioni kwamba nyangumi nundu wameonekana, alipokwenda mbio na kukuta boti tatu zimekwisha kumzunguka mama na ndama wake, naye akajipenyeza katikati. Tulishangilia, nami nikiwemo. Nyangumi wakazama, wakaibukia mbali, tukawafuata. Walipozama mara ya tatu nilinyamaza.

Tatizo haliko katika adabu peke yake. Nyangumi nundu huzalia katika maji ya joto, na huko mama kwa kawaida hali kitu. Anaishi, na kumnyonyesha ndama maziwa mazito yenye mafuta mengi, kwa shahamu aliyojiwekea alipokuwa katika bahari za baridi. Kila anapolazimika kuogelea kwa kasi ili aikwepe boti, anachoma akiba ambayo ingekuwa maziwa. Kisha kuna kelele: sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na viumbe hawa, ambao huitana gizani wasikoweza kuonana, hutegemea masikio kuliko macho.

Kanuni za Australia zinakataza boti kumsogelea nyangumi kwa chini ya mita 100, na kuanzia mita 300 zinataka iende polepole bila kuzusha mawimbi. Wapo wanaolalamika kwamba kwa umbali huo hawapati picha nzuri. Mnyama mwenye urefu wa mita 14 hivi haonekani mdogo kwa mita 100, na darubini zipo.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka safari hizi zipigwe marufuku. Zilipoanza kibiashara mwaka 1955 huko San Diego, Marekani, kwa dola moja, nyangumi alikuwa bado akihesabiwa kwa mapipa ya mafuta. Uamuzi wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi wa kusitisha uwindaji wa kibiashara ulikuja mwaka 1982. Mnyama anayeingiza fedha akiwa hai ana watetezi hata miongoni mwa wasiompenda, na picha za upande wa chini wa mkia, ambao madoa yake hutofautisha nyangumi nundu mmoja na mwingine, huwasaidia watafiti hata zikipigwa na watalii.

Ninachotaka ni nahodha anayezima injini na kusubiri. Katika ukimya huo utaanza kusikia pumzi kabla ya kuona chochote, kisha, upepo ukielekea kwenu, utainusa, na haina manukato. Huenda pia msione kitu, na kampuni inayokupa safari ya pili bila malipo kwa sababu hiyo imeahidi kilicho katika uwezo wake. Kabla ya kukata tiketi huuliza swali moja tu: mnasimama umbali gani? Nikitajiwa mita, nalipa. Nikiambiwa kwamba nisijali, kwani nitamgusa nyangumi kwa mkono, naaga.