Waliopinga Vita vya Vietnam Hawakuwasaliti Wanajeshi Wao

Ipo hoja ambayo haijafa ingawa nusu karne imepita tangu Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyoungwa mkono na Marekani, ilipoanguka mikononi mwa Wakomunisti wa Vietnam Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975: kwamba Marekani haikushindwa na Wavietnam, bali iliangushwa na raia wake yenyewe, yaani wanafunzi wa vyuo vikuu, wachungaji na akina mama waliojaa barabarani huku vijana wao wakifa vitani. Hoja hiyo huwapendeza wote wanaotaka serikali iachiwe vita vyake bila kuulizwa. Naipinga kwa moyo wote, na sababu yangu kubwa ni swali la nani aliyepelekwa kupigana, kwa utaratibu gani, na aliambiwa nini kabla ya kupelekwa.

Sheria ya Marekani iliwalazimu wanaume kujiandikisha kwa ajili ya jeshi wanapotimiza miaka 18, ilhali katika majimbo mengi hawakuruhusiwa kupiga kura mpaka wafike miaka 21. Kasoro hiyo haikurekebishwa kote nchini hadi mwaka 1971, vita vikiwa vinaelekea ukingoni. Kati ya Agosti 1964 na Februari 1973, zaidi ya vijana milioni 1.8 waliingizwa jeshini kwa lazima. Waliokuwa chuo kikuu waliahirishiwa, na aliyekuwa na daktari wa familia au wakili aliweza kutafuta barua ya kumwokoa. Kijana wa mashambani Mississippi au wa mtaa wa viwanda Detroit hakuwa na barua ya mtu yeyote. Tena, kuanzia mwaka 1966, Wizara ya Ulinzi ilishusha kiwango cha mtihani wa kuingia jeshini, na kwa mlango huo wakapokelewa zaidi ya wanaume 300,000 ambao hapo awali wangekataliwa, wengi wao maskini na wenye elimu ndogo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliopanga vita vile hawakukilalia.

Kelele za kudai haki zilipozidi, serikali ilileta bahati nasibu ya kupanga nani aitwe jeshini kwanza. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, mbele ya kamera za televisheni jijini Washington, vidonge 366 vya plastiki ya buluu, kila kimoja kikiwa na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, vilitiwa katika mtungi mkubwa wa kioo na kuchomolewa kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha tarehe 14 Septemba, na kila kijana wa rika lililohusika aliyezaliwa siku hiyo akawa namba moja. Katika kundi hilo walioitwa jeshini walikuwa wenye namba 1 hadi 195. Wataalamu wa takwimu waligundua mapema kwamba vidonge havikuchanganywa vizuri, hivyo waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka waliangukia namba za mwanzo kwa wingi kuliko wenzao. Hata bahati yenyewe, iliyoletwa ili iwe haki, haikutendwa kwa haki.

Walichoambiwa nacho hakikuwa kweli. Azimio la Ghuba ya Tonkin, lililompa Rais Lyndon Johnson uwezo wa kupanua vita, lilipita Agosti 1964 kwa kura 416 dhidi ya sifuri katika Baraza la Wawakilishi, na 88 dhidi ya 2 katika Seneti, likiegemea kwa sehemu shambulio la tarehe 4 Agosti, lililodaiwa kufanywa na Vietnam Kaskazini dhidi ya meli za kivita za Marekani, ambalo leo tunajua halikutokea. Nyaraka za siri za Pentagon, yaani za Wizara ya Ulinzi, zilizofichuliwa mwaka 1971 na Daniel Ellsberg, mchambuzi aliyeshiriki kuziandaa, zina waraka wa Machi 1965 wa ofisa mkuu wa Wizara ya Ulinzi, John McNaughton, ambaye alipima malengo ya nchi yake kwa asilimia: 70 kuepuka fedheha ya kushindwa, 20 kuizuia China isiitwae Vietnam Kusini, na 10 kuwapa watu wa huko maisha bora na huru zaidi. Hadharani, mzazi alielezwa kwamba mwanawe anakwenda kulinda uhuru wa watu.

Sisemi kwamba ukomunisti wa Hanoi, yaani wa serikali ya Vietnam Kaskazini, ulikuwa wa kupendeza. Mauaji ya raia mjini Hue mwaka 1968, kambi za mafunzo ya kisiasa baada ya 1975 na mamia ya maelfu waliokimbia kwa mashua ni mambo ya kweli, na waandamanaji waliopeperusha bendera ya adui walikosea na kuwaumiza waliofiwa. Hata hivyo, ubaya wa adui hautoshi kuhalalisha kumtwaa kijana asiye na kura na kumpeleka kufa kwa maelezo ya uongo. Martin Luther King aliliona hilo tarehe 4 Aprili 1967 katika kanisa la Riverside, New York, aliposema kwamba vijana weusi wanapelekwa kulinda Asia ya Kusini-Mashariki uhuru ambao wao wenyewe hawajaupata Georgia na Harlem. Magazeti makubwa yalimshambulia, na hata baadhi ya wenzake katika harakati za haki za raia walijitenga naye.

Wanaosema waandamanaji waliwasaliti wanajeshi wanawasahau wanajeshi wenyewe. Aprili 1971, mamia ya waliorudi kutoka Vietnam, baadhi yao wakiwa katika viti vya magurudumu, walifika mbele ya jengo la Bunge jijini Washington wakakuta uzio umewekwa kuwazuia, na mmoja baada ya mwingine akairusha medali yake upande wa pili. Sijui ni msaliti gani hutupa alichokilipia kwa damu yake.

Gharama ya kusema ilikuwa kubwa. Tarehe 4 Mei 1970, askari wa Walinzi wa Taifa, kikosi cha akiba cha jeshi, walipiga risasi zaidi ya 60 ndani ya sekunde 13 wakati wa maandamano ya kupinga vita katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, wakaua wanafunzi 4 na kujeruhi 9. Kura ya maoni iliyofuata ilionyesha kwamba asilimia 58 ya waliohojiwa waliwalaumu wanafunzi. Siku chache baadaye polisi walimimina risasi kwenye bweni la wasichana katika chuo cha watu weusi cha Jackson State, Mississippi, ambako hasira ya ubaguzi ilichanganyika na ya vita, wakaua vijana wawili. Kent State inakumbukwa duniani kote. Jackson State haitajwi sana, na hilo linaniuma.

Rais Jimmy Carter alitoa msamaha Januari 1977, siku moja baada ya kuapishwa. Aliwasamehe waliokwepa kuandikishwa, lakini hakuwajumuisha waliotoroka vikosini, ambao wengi wao walitoka katika familia maskini. Aliyekuwa na nauli ya kukimbilia Toronto, Kanada, kabla ya kuitwa alirudi nyumbani bila doa, ilhali wengi waliotambua ukweli wakiwa tayari wamevaa sare walibaki na vyeti vibaya vya kuachishwa jeshi, vilivyowafungia milango ya ajira na matibabu. Msamaha ule ulipaswa kuanza na hao.