Sabuni ya vyombo kando ya sinki: ibaki kwenye chupa yake au itafutiwe chombo kizuri?

Maduka ya vyombo ya Mwanjelwa jijini Mbeya na ya Miyomboni mjini Iringa sasa yanauza, pembeni ya sufuria na mabeseni, chupa za pampu za kioo na za plastiki nene, vitrei vya kauri, na vile visanduku vyenye tundu la sabuni upande mmoja na nafasi ya sponji upande wa pili. Anayenunua ana hoja yake. Sinki ndiyo sehemu ya jiko inayotazamwa mara nyingi kuliko zote, kwa nini ipambwe na chupa iliyochakaa yenye lebo iliyobanduka nusu? Anayepinga naye ana yake: sabuni imekuja tayari ndani ya chupa, chupa imeshalipiwa, ya nini kununua nyingine ya kuihamishia?

Mimi nasimama karibu na wanaotaka uzuri. Wanaoosha vyombo mara tatu kwa siku, mwaka mzima, wana haki ya kufanyia kazi hiyo mahali panapopendeza, na sikubali kwamba hayo ni mambo ya watu wenye nafasi tu. Ila uzuri huo una sharti ambalo wauzaji hawalitaji. Chombo cha sabuni kipimwe kwanza kwa namna kinavyokauka, kinavyomimina na nani anaweza kukifikia. Kikishindwa katika hayo, rangi yake haitakisaidia.

Tuangalie kwanza majiko yalivyo. Katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini sabuni ya vyombo utaikuta kwa namna tatu. Ipo chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto. Kipo kipande cha sabuni ya mche kilichowekwa ukingoni mwa karo, kinayeyuka taratibu. Na kipo kibakuli: sabuni imemiminwa, maji yameongezwa, na stilwaya pamoja na sponji vinalala humo kutwa.

Chupa ya tobo siwezi kuibeza. Inatoa sabuni kidogo kidogo, haikugharimu kitu, ikianguka haivunjiki. Kibakuli ndicho kinachoniudhi. Waya unashika kutu na kuacha alama ya kahawia isiyotoka. Sponji haipati nafasi ya kukauka. Mabaki ya ugali na mafuta yanarudi humo kila inapochovywa, na kufikia jioni kilichobaki ndani si sabuni tena, ni maji ya vyombo vya asubuhi. Sponji yenye unyevu na mabaki ya chakula ni makazi mazuri ya bakteria, na sabuni iliyozimuliwa kiasi hicho haina nguvu ya kuwazuia. Kwa hiyo chochote kinachotenganisha sabuni na sponji, kikaiacha sponji ikauke, kinaleta usafi na uzuri kwa pamoja, hata kikiwa kisahani cha plastiki chenye matundu. Nyumba inayotumia dodoki iko mbele kidogo hapa, maana dodoki likitundikwa kwenye msumari hukauka haraka.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, ambayo ni lebo. Chupa ya kiwandani inataja aliyeitengeneza, imebeba alama ya Shirika la Viwango Tanzania, na mara nyingi inaonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukihamishia sabuni kwenye chupa tupu ya kioo, habari hizo zote zimepotea. Mgeni akiingia jikoni hajui kama ile ya kijani ni ya vyombo, ya mikono au ya kusugulia choo. Hoja hii ni ya kweli na sioni njia ya kuipinga moja kwa moja.

Lakini tujiulize ni sabuni ipi inayotumika kwetu. Sehemu kubwa ya sabuni ya maji inayouzwa mitaani Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe inatengenezwa na wajasiriamali wadogo, wengi wao akina mama waliojifunza kwenye vikundi au kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973. Wanachanganya salfoniki na slesi (kemikali za kusafisha na kutoa povu), magadi soda, chumvi ya kuifanya nzito, rangi na manukato, wanakoroga kwenye ndoo, wanaiacha povu litulie. Kisha wanaimimina wapi? Kwenye chupa za maji ya kunywa na za soda zilizokusanywa, au kwenye dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kula. Basi anaposema sabuni ibaki kwenye chupa yake, kwa nyumba nyingi anasema ibaki kwenye chupa ya kinywaji.

Hapo ndipo mizani inapogeuka, kwa maoni yangu. Sabuni hizo hutiwa rangi ya kijani, njano au nyekundu, rangi zilezile za juisi na soda, na mtoto wa miaka miwili hajui kusoma ila anaijua chupa ya soda vizuri sana. Kuihamishia kwenye chombo kisichofanana na chupa ya kinywaji ni ulinzi wa nyumba. Ninapendelea chombo kisichopitisha mwanga, kisichoonyesha rangi ya kilichomo, kimeandikwa SABUNI YA VYOMBO kwa kalamu ya wino usiofutika, na chini yake jina la aliyeitengeneza. Chupa ya kioo angavu yenye sabuni ya njano inapendeza dirishani, nakubali, lakini katika nyumba yenye watoto wadogo inarudisha hatari ileile kwa gharama kubwa zaidi. Na ikitokea mtoto amekunywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu povu linaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe kituo cha afya, na chupa iende naye ili waganga waone alichokunywa.

Kuna jambo jingine kuhusu kuhamisha sabuni ambalo wapenda chupa nzuri hulisahau. Mwongozo wa usafi wa mikono kwa watumishi wa afya uliotolewa Marekani mwaka 2002 na Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya nchi hiyo unakataza kuongeza sabuni mpya juu ya iliyobaki kwenye chombo, kwa sababu bakteria wanaweza kukua humo na kuhamia kwenye sabuni mpya. Jiko la nyumbani si wodi, sabuni ya mikono si ya vyombo, na sitaki kumtisha mtu. Ila utaratibu wenyewe ni rahisi: chupa iachwe iishe, ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe ikiwa imepinduliwa, ndipo ijazwe. Na sabuni isizimuliwe ndani ya chupa. Tabia ya kuongeza maji ili ifike mwisho wa mwezi ndiyo inayoiharibu, inaanza kunuka na kujitenga. Kama lazima kuizimua, izimuliwe ya siku ile tu.

Baridi nayo ina neno lake hapa kuliko Dar es Salaam au Tanga. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Makete ni zaidi, na kwenye uwanda wa Kitulo sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana asubuhi. Baadhi ya sabuni za maji, hasa zilizotiwa chumvi nyingi, hupoteza uangavu na kuwa nzito baridi ikizidi. Pampu nyembamba inakwama, mtu anabonyeza kwa nguvu, mwishowe kichwa cha pampu kinavunjika na chupa ya kioo inabaki pambo. Kwa nyanda hizi ningechagua chupa laini ya kuminya kabla ya pampu, au pampu yenye mdomo mpana. Sabuni iliyoganda haihitaji maji ndani yake. Chupa isimamishwe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, na kwa kawaida italegea.

Maji ya baridi yanaleta suala la matumizi pia. Mafuta ya ng'ombe au ya mbuzi huganda kwenye sahani, na muoshaji hujibu kwa kumimina sabuni zaidi, wakati dawa yake ni maji ya moto. Wanaosema chupa za urembo ni upotevu wa fedha wangetazama hapa kwanza. Chombo kinachotoa kidogo kila mara, kiwe cha dukani au cha tobo la msumari, huokoa sabuni kuliko mdomo wazi wa dumu. Nunua dumu la lita tano, ambalo kwa kawaida kila lita yake ni nafuu kuliko ya chupa ndogo, liweke juu palipofungwa, mbali na vyakula, na kando ya sinki kikae chombo kidogo cha kujaziwa. Mtu anayeendelea kununua chupa ndogo za kiwandani, zenye lebo na mdomo mzuri, hana haja ya kuhamisha chochote. Kwake nakubaliana kabisa na wapinzani.

Uzuri wenyewe tuutoe wapi? Si lazima utoke kwenye makontena ya bidhaa za nje. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa karibu na Matema, wanafinyanga vyungu vinavyouzwa Kyela, Tukuyu hadi Mbeya, na umbo lake ni zuri kuliko kauri nyingi za dukani. Ila chungu kisicho na vanishi ya kioo hunywa maji. Ukimimina sabuni moja kwa moja itapenya, na baada ya muda utaona weupe wa chumvi ukijitokeza nje. Chungu hicho kitumike kuivika chupa: chupa ya kawaida inaingia ndani, kinachoonekana ni udongo. Kwa sabuni ya mche, kisahani cha udongo kilichotobolewa chini kinafaa, kwa kuwa kinanyonya unyevu na kipande hakiyeyuki bure.

Vikapu vya Iringa vya milulu (nyasi za kusukia) vinajulikana mbali, na wengi hutamani kukiweka kimoja kando ya sinki. Hapo naomba tukihurumie kikapu. Milulu ikilowa kila siku huota ukungu na kuoza, na kazi ya mikono ya mama aliyekisuka inaishia jalalani. Kipande cha mwanzi nacho kinapendeza sana kikishika chupa na brashi, ila chini kinahitaji tundu la kutolea maji. Mbao za misonobari ya Mufindi hutoa trei nzuri na ya bei ndogo, nayo inahitaji vanishi pande zote, hata chini, tena vijiguu vya kuinyanyua. Huko Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na nguo zenyewe hazikauki, ningeweka mbao na milulu mbali na maji kabisa, kikapu kikapanda kwenye rafu kubeba sponji mpya na vitambaa vikavu. Vyombo vya alumini viepukwe kwa sabuni ya maji, maana sabuni ya mtaani iliyozidishiwa magadi hula alumini.

Kuna upande ambao mjadala huu unauruka kila mara, nao ni kwamba vyombo vingi haviwahi kufika kwenye sinki. Nyumba yenye sinki ya kung'aa ndani bado ina karo nje, na sufuria zenye masizi ya kuni au mkaa husuguliwa huko, kwenye bomba la uani, na dada wa kazi au watoto waliotoka shule. Wapangaji wa chumba kimoja wanaogawana bomba moja hawana hata ukingo wa kuacha kitu, wakikiacha, hawakikuti. Chupa nzito ya kioo haifai kwa maisha hayo. Ikiponyoka mkononi wenye povu juu ya saruji, vipande vinabaki mahali watoto wanapopita pekupeku. Kinachofaa ni kikapu kidogo cha plastiki chenye mpini na matundu chini, kinachobeba sabuni, dodoki na waya kwa pamoja, kinatoka na kurudi. Kinaweza kuwa na rangi nzuri. Ningependa hasa kichaguliwe na yule anayeosha, maana mara nyingi chombo cha sabuni hununuliwa na mtu mmoja na kushikwa na mwingine ambaye hakuulizwa kama mkono wake unakifikia.

Kwa anayejenga sasa, kuna suluhisho lisilohitaji kununua chombo chochote cha pekee. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma. Mwambie fundi, kabla hajafika urefu wa sinki, aache kidaka kidogo ukutani, upana wa kutosha chupa mbili na sponji, kimo cha kufikiwa na mtu mfupi wa nyumba hiyo. Sakafu yake iwe na mwinamo kidogo kuelekea kwenye sinki ili maji yajirudie yenyewe, ndani pawekwe marumaru au saruji laini iliyopigwa niru, na juu tofali zishikwe vizuri. Nyumba ikishakamilika usiutoboe ukuta bila kumuuliza fundi, kwa kuwa huenda ndio uliobeba paa. Kidaka hicho kinaficha chupa ya tobo la msumari sawasawa na kinavyopendezesha ya kauri, na ukingo wa sinki unabaki mtupu, rahisi kufuta.